Laini ya Marehemu

Ujumbe wa mia nne na kumi na mbili ulipokelewa saa saba na dakika ishirini mchana, na aliyeutuma akaacha kutafuna.

Alikuwa amekaa peke yake kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, meza ya mwisho karibu na dirisha, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigombea. Simu ilikuwa kando ya bakuli lake la chakula. Alikuwa ameandika kama alivyoandika jana, na juzi, na kila siku kwa mwaka mmoja na zaidi: "Mama, leo mvua imeninyeshea nguo kwenye kamba. Itabidi nizifue tena." Akabonyeza, akashika kijiko. Kabla hakijafika mdomoni simu ikatetemeka, na juu ya kioo likatokea neno moja: Umepokelewa.

Mama yake alikuwa amekufa. Siku ya tatu baada ya maziko yeye mwenyewe aliitoa kadi kwenye simu ya marehemu, akaikata vipande viwili kwa mkasi wa kushonea na kuvitupa. Simu yenyewe ilikuwa kabatini kwake, haina hata betri. Hapakuwa na kitu duniani cha kupokea ujumbe ule.

Alilitazama neno hilo hadi chakula kikapoa. Kisha akajiambia ni hitilafu ya mtambo, akafunika bakuli na kurudi ghorofa ya nne kwa ngazi, maana lifti ilikuwa na watu, na yeye siku hizo hakuwa na hamu ya kusalimiana na mtu.

Kazini walimwita Bi Foleni, na jina hilo alilistahili. Watu wengi hudhani ujumbe wa simu huruka kutoka mkono huu hadi mkono ule. Waache wadhani. Ujumbe hupanda kwanza kwenye mnara ulio jirani, mnara ukausukuma mtamboni, na mtambo ukauleta kwenye chumba cha baridi chenye makabati ya chuma yanayonguruma mchana kutwa, na huko unalazwa. Kituo kinauliza rejesta: laini hii mara ya mwisho imesikika mnara gani? Rejesta ikijua, ujumbe unatoka mbio. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe unakaa kwenye foleni, unajaribiwa tena na tena, na siku tatu zikipita mwenye simu hajaonekana, unafutwa kama haukuwahi kuandikwa. Bi Foleni ndiye aliyeitunza foleni hiyo. Hakusoma yaliyoandikwa, sheria ilikataza. Aliona namba tu na saa, lakini alijua kwamba mle ndani mna "nisamehe" na "nimefika salama" na "mtoto ni wa kike", na kwamba nyingine zitakufa zikingoja.

Fundi naye ni mtu. Laini ya marehemu hufungwa baada ya siku tisini na kupewa mtu mwingine, na siku tisini za mama yake zilipotimia, namba ilikuja kwenye orodha ya kufungwa, mezani kwa nani? Kwake yeye. Akairuka. Halafu, akiwa ameshakosea mara moja, akakosea na ya pili: akaiondolea namba hiyo moja ukomo wa siku tatu, ili anachomwandikia mama kisifutwe. Alijua vizuri kwamba hakuna wa kupokea, na wala hakuwa amerukwa na akili. Alichotaka ni maneno yake yawe mahali fulani, yapangane, yamngoje mtu.

Alikuwa na mdogo wake, mmoja tu, aliyeishi mji mwingine na mume na mtoto. Huyo ndiye aliyekaa na mama miezi yote ya ugonjwa. Baada ya mazishi, wakikunja nguo za marehemu, mdogo mtu alisema bila hata kupaza sauti, "Wewe, dada, ulikuwa unapiga simu. Mimi nilikuwa namgeuza kitandani." Yalikuwa kweli, na kwa kuwa yalikuwa kweli hayakusahaulika. Mdogo alikwishaomba radhi zamani. Aliandika kila wiki: mtoto ameota jino, mtoto ameita mama, dada uko salama? Bi Foleni alianza kujibu, akafuta, akaanza tena, akaiweka simu chini. Kwa aliyekufa maneno yalimtoka kila siku, na kwa aliye hai alikaa kimya.

Alipofika mezani alifungua foleni ya namba ile. Ilikuwa tupu. Ujumbe wote mia nne na kumi na mbili ulikuwa umechukuliwa, mmoja mmoja, kwa mpangilio, kuanzia ule wa kwanza kabisa.

Akaiuliza rejesta laini iko wapi, nayo ikamjibu: mnara wa sitini na moja.

Alikuwapo kijana waliyemwita Kima, mpanda minara, ambaye alikuwa amekuja ofisini kusaini karatasi zake na alikuwa akinywa chai ya watu. Bi Foleni akamwendea, akijitia hana haraka.

"Kima, mnara sitini na moja unafanya kazi?"

"Ule wa kilimani? Ule marehemu, dada. Radi iliupiga, tukaung'oa mpaka nyaya. Kimebaki chuma na ndege." Akavuta chai. "Kwa nini?"

"Nimeuona kwenye orodha tu."

"Basi uache kwenye orodha. Ule sisi tulikuwa hatuupandi bila kuugonga mara tatu na kusema hodi. Unacheka?"

"Sicheki."

"Cheka, mimi mwenyewe nilicheka. Mwezi wa kwanza nilipanda bila hodi, nikasikia mtu juu yangu anapumua. Juu yangu palikuwa na mawingu."

Siku iliyofuata laini ilikuwa mnara wa arobaini na nne. Kesho yake, wa thelathini. Bi Foleni alifuata kwa kidole kwenye ramani ya ukutani, na kidole kikashuka kilima, kikavuka mto, kikashika barabara kuu ya kuingia mjini. Yeyote aliyekuwa na laini ya mama yake alikuwa anakuja kwa miguu.

Siku ya nne, jioni, jua bado halijazama, alikuwa chumbani kwake akipiga pasi huku redio ikisema peke yake. Ghafla ikakatwa na mlio ule ambao kila mwenye redio anaujua, ti-ti-tit, ti-ti-tit, mlio wa ujumbe unaokaribia simu iliyo jirani. Simu yake ilikuwa kitandani na haikutikisika. Mlio ukaendelea, ukaja na harufu, ya waya ulioungua na ya maua yaliyokaa siku nyingi ndani ya maji. Akazima redio. Hapo ndipo simu ilipowaka, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Mama.

"Nimezisoma zote."

Alikaa chini, pasi ikachoma shati. Akainuka kuiondoa, kisha akaandika, "Wewe nani?"

"Si mama yako. Sitaki kukudanganya."

Kisha: "Nilikuwa kilimani kabla ya mnara. Walipouleta, maneno ya watu yakaanza kunipita mchana na usiku, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Yako hayakuwa na mwenyewe. Nikayaomba, nayo yakaja."

Mwingine angeitupa simu ile mtoni na kukimbilia kwa majirani, na mimi ningemsifu. Bi Foleni hakufanya hivyo. Alikuwa ameketi mwaka mzima kwenye meza ya mwisho, hakuna aliyemuuliza leo umeamkaje, na sasa kulikuwa na kitu, kiwe nini kiwe, kilichosoma kila neno alilowahi kuandika. Woga ulikuwapo, lakini kitu kingine kilikuwa kimeukalia. Akaandika, "Ulipenda upi?"

Jibu halikuchelewa. "Ule wa siku uliyonunua viatu, ukavivaa ndani, ukatembea kutoka mlangoni hadi dirishani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha."

Alilia, na ukweli usemwe, alilia kwa raha.

Wakawa wanaandikiana. Asubuhi kabla ya kazi, saa ya chakula, jioni. Alikiuliza kinaonaje huko kiliko, nacho kikamjibu, "Naona taa nyingi. Kila moja ina mtu wake." Kikamuuliza mama alikuwa anamwitaje akiwa mdogo, nani alilala upande wa ukutani, mdogo wake anaogopa nini, anacheka vipi. Akakijibu yote, maana nani mwingine alikuwa anauliza? Kwenye rejesta laini ilifika mnara uliokuwa juu ya paa la jengo alimopanga, ikatulia hapo, na yeye akaacha kuitazama.

Siku moja mchana mdogo wake aliandika: "Dada, mtoto ametembea leo. Hatua nne. Nilitamani ungekuwepo." Bi Foleni akaanza kujibu, akafuta. Akaanza, akafuta.

Simu ikatetemeka. "Mbona humjibu?"

"Sijui niseme nini."

"Mimi najua. Nimjibie?"

Hapa ndipo pa kushika kichwa. Fundi wa kawaida asingeweza hata kama angetaka, lakini huyu alikuwa na ufunguo wa kituo kizima mbele yake. Kwa mibonyezo michache alielekeza kila ujumbe wa mdogo wake uende kwenye laini ya marehemu, na majibu ya laini ile yatoke kwa jina na namba yake mwenyewe. Haikuchukua dakika. Akaandika neno moja, "Mjibie," na akahisi mzigo wa mwaka mzima umemshuka mabegani.

Alipumzika wiki mbili. Hakuna ujumbe wa mdogo uliomfikia tena kumchoma moyo. Mara moja tu alikiuliza, "Anasemaje?" nacho kikajibu, "Amefurahi. Anasema umerudi."

Yaliyofuata yalianza kidogo kidogo. Viatu vile vilipotea chini ya kitanda, na gauni la kijani likapotea kabatini. Kitanda alichokiacha kimevurugika alikikuta kimetandikwa, chenye alama ya mtu aliyekikalia. Asubuhi moja mlinzi wa jengo alimtazama akitoka, akakunja uso.

"Si umepita sasa hivi, mama? Umenisalimia vizuri kabisa. Nikasema leo ameamka na furaha."

"Umenifananisha, mzee."

"Labda," alisema mlinzi, lakini aliendelea kumtazama hadi alipofika barabarani.

Siku hiyo hiyo alirudi mapema, saa kumi na moja, ngazi bado zina mwanga wa dirisha, na alipofika ghorofa yake na kutia ufunguo mlangoni akasikia mtu akizungumza ndani ya chumba chake. Akasimama. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya taratibu, nayo ilikuwa ikisema maneno mawili yale yale, "mdogo wangu," ikaacha, ikayasema tena kwa kuyainua mwishoni, ikaacha, ikayasema kwa kicheko kidogo, ikakosea kicheko, ikakirudia hadi kikakaa sawa, na ndipo Bi Foleni, mkono ukiwa bado umeshika ufunguo ndani ya tundu, na ile harufu ya maua yaliyooza ikipenya chini ya mlango hadi miguuni pake, alipotambua kwamba sauti ile aliijua kuliko sauti yoyote duniani, kwa sababu ilikuwa inatoka kooni mwake kila siku alipofungua mdomo, ila yake haikuwa na utamu kiasi kile.

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Redio ilikuwa mezani, waya wake umechomolewa na kukunjwa, na ilikuwa inalia ti-ti-tit, ti-ti-tit.

Hakulala pale. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Kima, ambaye alikaa chumba kimoja na vyombo vyake vya kupandia, na akamweleza kwa sauti ya chini huku akitazama mlango: namba, foleni, mnara wa sitini na moja, sauti. Kima hakutania. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia yake ya kazi mapajani.

"Ulikijibu?" aliuliza.

"Nilikijibu."

"Siku ngapi?"

"Wiki ya tano hii."

Kima akapumua kwa nguvu. "Twende kwa shangazi yangu. Usiibebe simu hiyo mkononi, itie kwenye mfuko."

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na watu wenye matatizo ya namna ile walimjia baada ya saa za kushona. Aliwakaribisha kati ya vitambaa, Kima akamweleza habari ya ile namba, naye akampa Bi Foleni kigoda, akamshika kifundo cha mkono kama daktari. Alinusa nywele zake, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, shangazi," alisema Bi Foleni, ambaye kwa hofu alikuwa amesahau kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anayekuandikia si wa kutolewa kwa kelele. Hakuingia kwako kwa nguvu, alikaribishwa." Alisema bila ukali. "Amekaa kwenye ile namba. Ni nyumba uliyoiacha wazi, mwenyewe hayupo, taa inawaka. Uifunge kwa mkono wako, mchana, na mama yako umuage kwa mdomo. Si kwa kuandika. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa nijibu, na unijibu kweli, maana nikifunga mlango mmoja na mwingine uko wazi, nitakuwa nimemfukuzia huko. Kuna mtu mwingine yeyote ambaye huyu umemfungulia njia ya kwenda kwake?"

Bi Foleni alimtazama Kima aliyekuwa ameegemea ukuta. Alifikiria kulisema: kwamba alikuwa na mdogo wake mmoja, damu yake, na alichoka hata kumwandikia hongera ya mtoto, akamkabidhi jini amwandikie. Uso ukamwaka moto kwa aibu. Akawaza kwamba namba ikishafungwa, kila kilichofungwa nayo kitaanguka, na hakuna atakayehitaji kujua.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

Shangazi akaendelea kumshika mkono kwa muda, kisha akauachia.

Kesho yake saa nne asubuhi Bi Foleni alikaa mezani kwake, Kima amesimama mlangoni akijifanya anasoma tangazo. Aliifungua namba ya mama yake. Kabla hajagusa kitu simu iliyokuwa kwenye mfuko ilitetemeka, ikatetemeka tena, na spika za kompyuta zote chumbani zikaanza kulia pamoja, ti-ti-tit, ti-ti-tit, hata wenzake wakainua vichwa na kulalamika, na harufu ile ikajaa kwenye baridi ya chumba hadi mmoja akauliza nani ameacha maua kwenye pipa, na yeye, machozi yakimtiririka, akafungua mdomo na kusema kwa sauti ambayo wote waliisikia na hakuna aliyeielewa, "Mama, samahani sikuja. Nilisema nitakuja wiki ijayo na sikuja. Lala salama, mama," akafuta laini, akafuta maelekezo yake, akathibitisha.

Spika zikanyamaza. Harufu ikaondoka palepale, pakabaki harufu ya mashine na vumbi la moto. Akalaza kichwa mezani na kulia kilio ambacho hakukilia makaburini, na wenzake, ambao hawakujua hata mama yake alikuwa amekufa, wakaja mmoja mmoja kumshika bega.

Jioni hiyo alimwandikia mdogo wake, mwenyewe, bila kufuta. "Mdogo wangu, nisamehe kwa kukaa kimya. Ulisema kweli siku ile. Nataka kumwona mtoto." Umepokelewa, simu ilisema. Jibu halikuja. Akapiga, ikaita bila kupokelewa. Siku tatu ilikuwa hivyo. Akajiambia, "Ana haki ya kununa, nami nilimnunia mwaka." Siku yake ya mapumziko alinunua jozi ya viatu vidogo vya kujifunzia kutembea, akasafiri.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, watoto wa mtaa wakicheza mpira. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na mlango wa bluu na dirisha dogo kando yake. Akabisha hodi. Akasikia miguu ikija, mlango ukafunguka upana wa kiganja, na mdogo wake akamwona.

Hakusema "dada". Rangi ilimtoka usoni, akausukuma mlango, na komeo likaingia. Baada ya kitambo pazia la dirisha likasogea.

"Mimi," alisema Bi Foleni, akicheka kwa wasiwasi. "Umenisahau? Nimeleta viatu vya mtoto."

"Alituambia utakuja," alisema mdogo wake kwa sauti ndogo. "Alisema kuna kitu kinamfuata chenye sura yake. Alisema kitalia."

"Nani alikuambia?"

"Dada."

"Mimi ndiye dada yako." Alisogea dirishani, na mdogo wake akarudi nyuma hatua mbili. "Niulize. Niulize jambo lolote la mama. Ulikuwa unalala upande wa ukutani kwa sababu unaogopa mende. Mama alikuwa anakuita Kifungo. Niulize."

Mdogo wake aliziba masikio. Alikuwa analia sasa, na katikati ya kilio alikuwa anasoma dua, haraka haraka, zile ambazo wote wawili walifundishwa na mtu mmoja, usiku mmoja, chini ya shuka moja. "Alisema utajua kila kitu," alisema. "Rudi ulikotoka. Nakuomba. Hatujakukosea kitu."

Nyuma yake, ndani ya nyumba, gauni la kijani lilipita. Sauti ikaita bila haraka, tamu, imekaa sawa: "Mdogo wangu, usiongee nacho. Njoo ukae na sisi."

Bi Foleni akapiga mlango kwa ngumi zote mbili, akaliita jina la mdogo wake mpaka watoto wa mpira wakasimama kumtazama, na mle ndani mtoto, aliyesikia kishindo na sauti asiyoijua ikipiga kelele nje, akaanza kulia kwa hofu. Pazia likafungwa. Kilio cha mtoto kikapanda, kikashuka, kikawa kwikwi, kwa sababu aliyekuwa amembeba alijua namna ya kumbembeleza.